Kopo chini ya cherehani: pesa za uzee wangu niziweke wapi?

Dada yangu mkubwa, Yaya Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 44, fundi cherehani, nakaa Kenya, komini (wilaya ya mji) ya hapa Lubumbashi, Kongo. Nina mume na watoto wanne. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema kanisani wala sokoni, na nyumbani ndiyo kabisa.

Chini ya cherehani yangu kuna kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mna dola 3,400. Nimezikusanya kwa miaka mitano hivi, dola 60 kila mwezi, mwezi mbaya 30, mwezi wa sare za shule zaidi kidogo. Mume wangu hajui. Anajua niko kwenye likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, na akina mama wa soko, na anadhani akiba yangu yote haipiti dola 1,000.

Kilichonifundisha kuficha ni mambo ya baba yangu. Alifanya kazi ya migodi miaka 27. Nyumba, unga wa bukari, hospitali, shule, vyote vilitoka kazini, yeye na wenzake walikuwa wakisema, "Kazi njo baba, njo mama," yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 2003 walipoambiwa kwamba anayetaka kuondoka kwa hiari atapewa chake mkononi, baba alichukua. Hakumuuliza mama. Alinunua basi dogo la abiria, la mtumba. Siku ya kwanza tulilipigia vigelegele, likazunguka kartiye, mtaa wetu, mara tatu limejaa watoto. Mwezi wa 14 injini ilikufa kwenye njia ya Kasumbalesa, basi likavutwa mpaka nyumbani, na mpaka leo bodi yake iko uani kwa mama. Kuku wanatagia ndani. Baba alifariki mwaka 2011. Mama ana miaka 71 sasa, anaishi kwa kile tunachompelekea, na mwezi tusipopeleka hasemi kitu, anapika tu matembele bila mafuta. Nikimwona vile najiambia: mimi, hapana.

Sasa mambo yameniangukia yote kwa pamoja.

Mume wangu ni dereva kwenye kampuni ndogo inayofanya kazi za migodi, mkataba wake unarudiwa kila mwaka. Amepata parseli komini ya Annexe, inauzwa dola 6,000. Yeye ana nusu. Anataka tuinunue, tujenge vyumba viwili vya kupangisha, halafu viwili vingine, "na hiyo njo pansiyo yetu," yaani malipo yetu ya uzeeni. Muuzaji anataka pesa ya kwanza mwezi ujao. Makaratasi ya mwanzo yameandikwa jina la shemeji yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyemjua muuzaji, tutabadilisha baadaye.

Halafu kuna kijana wa bima aliyekuja kanisani, shati jeupe, anaongea vizuri. Anasema nilipe dola 40 kila mwezi mpaka nifikishe miaka 60, kisha nianze kupokea. Alinionyesha karatasi yenye mstari unaopanda. Nilipomuuliza itakuwaje nikishindwa kulipa mwaka wa tatu, alisema, "Mama, usianze na mawazo mabaya."

Rais wa likelemba yetu naye anataka tupandishe mchango kutoka dola 50 hadi 100, tuifanye iwe pansiyo ya akina mama, kwa sababu hakuna mwingine atakayetufikiria.

Na kijana wangu wa kwanza, anayesoma umeme, aliposikia nazungumzia uzee alinishika bega: "Mama, miye njo pansiyo yako." Nilicheka. Usiku nililia.

Ningeendelea na kopo langu, lakini wiki iliyopita nilitoa noti moja ya dola 100 nikanunue kitambaa. Unyevu ulikuwa umeingia, noti imepasuka pembeni, mpasuko wa punje ya mchele. Kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani, aliigeuza juani mara mbili akanirudishia: "Iko na kidonda, mama." Wa pili alitaka kunipa 80. Tangu siku hiyo kopo lenyewe naliogopa.

Kabla ya cherehani niliwahi kupika kantini ya kampuni moja, miaka saba, mpaka 2019. Walikuwa wanakata kitu kwenye mshahara kila mwezi, lakini hiyo imekwenda, siihesabu.

Yaya, niweke wapi? Usinizungushe. Niambie njia moja tu, nitaifuata. Na je, nimwambie mume wangu kuhusu kopo?

Mama wa Cherehani, Lubumbashi


Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ni mara ya tatu ndipo niliposimama kwenye sentensi uliyoitupa karibu na mwisho, ile ya kantini. Nitairudia, usinikimbie.

Umeniomba nikutajie njia moja na nisikuzungushe. Kukuzungusha sitakuzungusha, lakini hiyo moja sitaitaja. Mimi sikai nawe, sijui mwezi wa Septemba cherehani inaingiza ngapi na mwezi wa Februari ngapi, na nikikutuma kwenye mlango mmoja ukakuta ukuta, wewe ndiye utakayelala na njaa, si mimi. Ninachoweza ni kuifungua barua yako kama unavyofungua mshono uliovutwa vibaya, tuone kitambaa kiko wapi.

Kwangu mimi barua hii ina mambo mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza ni pesa za uzee. La pili ni nani mwenye neno juu ya pesa hizo. Umeyashona hivyo tangu mwaka 2003, na unielewe, sikulaumu. Lakini kila ninapogusa la kwanza katika maneno yako, la pili linavutika.

Anza na baba yako. Wewe umetoka na somo hili: pesa ikijulikana, inaliwa. Mimi nikilitazama lile basi lenye kuku naona kitu kingine. Katika mpango ule wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003 kwa msaada wa Benki ya Dunia, Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, peke yake iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000. Fikiria watu wote hao, miji hiyohiyo, miaka hiyohiyo, kila mmoja na bahasha, kila mmoja anatafuta basi, duka au shamba, na wateja ni majirani ambao nao mshahara umekatika. Mtu aliyezoea miaka 27 kupokea mwisho wa mwezi alipewa siku moja kitu ambacho kilipaswa kumfikia kidogokidogo mpaka kufa. Akakiweka chote kwenye injini moja. Ndiyo, kutomuuliza mama yako lilikuwa kosa, na kosa kubwa. Lakini hata angemuuliza, na mama akakubali, injini ingekufa tu palepale njia ya Kasumbalesa.

Kwa hiyo ukitaka kuzipima njia zako, chukua kipimo hiki, ndicho ninachokitumia mimi mwenyewe. Una miaka 72. Ni tarehe 3 ya mwezi. Macho hayaoni tena tundu la sindano. Nani anafika mlangoni na pesa ya unga? Na ni karatasi gani inayomlazimisha afike? "Kazi njo baba, njo mama" walisema wazee wetu, na walichokuwa wanakisifu, ukisikiliza vizuri, ni kule kufika kila mwezi bila kuombwa.

Kopo halifiki mlangoni, liko ndani tayari, na hilo ndilo uzuri wake na ubaya wake. Hebu tuhesabu. Una 3,400. Ukiendelea na dola 60 kila mwezi kwa miaka 16 mpaka ufikishe 60, utaongeza 11,520. Jumla 14,920, kama hakuna mgonjwa, hakuna msiba, hakuna ada ya chuo. Mungu akikujalia miaka 20 baada ya hapo, ni miezi 240: unapata dola 62 kwa mwezi. Na hizo ni dola za wakati huo, si za leo. Tumezoea kusema dola haiozi. Wanaosema hivyo wana sababu: noti kubwa za zaire, pesa yetu ya zamani, zilifutwa mwaka 1979, mwaka 1993 zaire 3,000,000 ziligeuzwa zaire mpya moja, mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Aliyeona hayo kwa macho yake akikimbilia noti ya Marekani huwezi kumcheka. Ila dola nayo inapungua, polepole. Mwaka 2022 bei za Marekani kwenyewe zilipanda kama asilimia 8 kwa mwaka mmoja. Kopo linakulinda na faranga. Na wakati, unyevu, mwizi, moto na kambisti mwenye macho makali havizuiliki kwa mfuniko.

Sasa ile kantini.

Kile kitu walichokuwa wanakata kina jina. Kwa mfanyakazi wa mkataba, mwajiri anakata asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pansiyo na kuongeza sehemu yake, kisha anapeleka kwenye hazina ya usalama wa jamii, CNSS, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita INSS kwa mazoea. Inaongozwa na sheria ya 15 Julai 2016. Kwa sheria hiyo umri wa pansiyo ni miaka 60, kwa mwanaume na kwa mwanamke, na unahitaji miezi 180 ya bima, yaani miaka 15. Miaka yako saba ni miezi 84. Inabaki 96, ambayo ni miaka minane, na wewe una 16 mbele yako. Sheria inampa aliyewahi kuwa mwanachama nafasi ya kuendelea kwa hiari yake, akijilipia mwenyewe. Asiyefikisha miezi naye hafukuzwi mikono mitupu: hupewa malipo ya mara moja badala ya pansiyo.

Usishangilie mapema. Mambo matatu yanaweza kukukwamisha. Kwanza, kukatwa si kufikishwa: kuna waajiri wanaokata na wasipeleke, na hilo hulijui mpaka uone rekodi. Pili, wewe uliacha mwaka 2019, kwa hiyo uliza waziwazi kama mtu aliyekaa nje muda huo bado anapokelewa, na kwa masharti gani. Tatu, ukijilipia unabeba sehemu yako na ile ya mwajiri, halafu pansiyo yenyewe inalipwa kwa faranga na inafuata mshahara uliotangazwa. Mshahara wa kantini si wa mhandisi. Wazee wa mtaani kwako watakuambia kama inatosha. Sikiliza, lakini waulize pia swali la pili: je, inafika? Kwa kipimo chetu cha tarehe 3, hii ndiyo njia pekee katika barua yako ambayo inaendelea hadi siku ya kufa hata ukifika miaka 95. Na ndiyo uliyosema huihesabu.

Yule kijana wa shati jeupe simchukii. Miaka mingi, tangu 1966, bima hapa kwetu ilikuwa SONAS, kampuni ya Serikali, peke yake. Kanuni ya bima ya mwaka 2015 ndiyo iliyofungua soko, na kampuni binafsi zilianza kupewa vibali mwaka 2019. Kwa hiyo kitu anachouza kipo kweli, na kina msimamizi anayeitwa ARCA, ambaye unaweza kumuuliza kama kampuni ina kibali cha bima ya maisha, si cha magari tu. Lakini swali ulilomuuliza lilikuwa swali bora kuliko yote, na jibu alilokupa halikuwa jibu. Katika mikataba ya namna hii, malipo ya miaka ya kwanza huliwa sana na gharama na kamisheni ya muuzaji. Anayevunja mapema mara nyingi hurudishiwa kidogo kuliko alichotoa. Kuna jedwali la hilo ndani ya mkataba, mwaka kwa mwaka. Liombe. Dola 40 kwa miaka 16 ni 7,680. Muulize ni kiasi gani juu ya hapo kimeahidiwa kwa maandishi na ni kiasi gani ni ule mstari unaopanda. Muulize ukifika 60 unapewa zote siku moja (basi la baba yako hilo, limerudi) au kila mwezi, na kama ni kila mwezi, kwa miaka mingapi. Muulize jina la nani linaandikwa ukifa kabla. Akikujibu yote bila kukasirika na akakuachia mkataba ulale nao wiki nzima, utakuwa umekutana na mfanyakazi wa bima. Akisema nafasi zinaisha Jumapili, wewe rudi kwenye sare zako. Walioishi Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 90 wanakumbuka Bindo, ule mchezo wa pesa ulioanguka, na faida zake za kushangaza, na jinsi watu walivyouza friji ili waingie.

Parseli. Hapa moyo wangu uko pamoja na mume wako kidogo, nikubali. Mtu wa Lubumbashi anaelewa ukuta. Mpangaji anaweza kuwa yule anayefika tarehe 3, na kodi hupanda bei zinapopanda, jambo ambalo kopo haliwezi. Lakini mpangaji pia huhama usiku, huchelewa miezi minne, na sheria ya mwaka 2015 inakuzuia kudai dhamana ya zaidi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Paa linavuja ukiwa na miaka 70 vilevile kama ukiwa na 40, na fundi hafanyi bure. Tena dola 6,000 zinanunua udongo mtupu. Vyumba viwili bado, kisima bado, umeme bado. Mmekaa mkahesabu ni mwaka gani mpangaji wa kwanza ataingia? Msipohesabu, mnanunua tumaini lenye ukuta wa matofali mabichi.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya neno lako "tutabadilisha baadaye." Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali, tunachopata sisi ni haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na setifika, ile hati ya kuandikishwa inayotolewa na mtunza hati za ardhi. Karatasi ya chifu wa kartiye, fishi ya komini, risiti yenye mashahidi watatu, zote zinasaidia na hakuna inayochukua nafasi ya setifika. Jina lililoko pale ndilo linalozungumza. Simjui shemeji yako, pengine ni mtu wa Mungu. Lakini yeye ana mke, ana watoto, na siku moja atakufa kama sisi sote, na watakaokaa kugawana mali hawatakuwepo siku mliyokubaliana kwa mdomo. Ukichangia dola 3,000 kwenye ardhi iliyoandikwa jina lake, umempa zawadi. Kubadilisha kabla ya kulipa ni ubishi wa mchana mmoja. Kubadilisha baada ya kulipa kunaweza kumaliza ukoo.

Likelemba na kijana wako nitawapitia upesi, si kwa dharau. Likelemba ni mkono mzuri wa kukulazimisha kuweka, na kwa cherehani ya pili au roli za kitambaa hakuna kinachoishinda. Ila unachopokea ni chako mwenyewe kinachorudi, na kinarudi wakati wa zamu yako, si wakati wa uzee wako. Na angalia umri wa wenzako: kama wote mna miaka arobaini na kitu, mtazeeka pamoja, mtaugua pamoja, na hakutakuwa na mchangaji kijana wa kuwabeba. Kijana wako, mpokee neno lake kwa mikono miwili. Halafu kumbuka kwamba mama yako naye ana pansiyo ya namna hiyo, na pansiyo hiyo ni wewe, mwenye kopo lililojaa chini ya cherehani na mama anayepika bila mafuta. Sikusemi. Nina hakika kila mwezi unanuia. Ndivyo inavyokuwa kwa watoto wema.

Tubaki na mume wako.

Unaamini pesa zilizofichwa ni zako. Ulisema mlifunga ndoa ya Serikali, komini? Hukusema. Kama mlifunga, na hamkuchagua siku ile mpango mwingine, kanuni ya familia inawaweka kwenye mpango ambapo kilichopatikana ndani ya ndoa ni chenu wawili. Kopo limo. Parseli nayo ingekuwemo, kama ingekuwa kwa jina lenu. Na mmoja akifa, robo tatu ya urithi ni ya watoto, na robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa kwenye nyumba waliyoishi. Kwa upande mwingine, ile sheria ya kurekebisha kanuni ya familia, ya 15 Julai 2016 (siku ileile ya sheria ya pansiyo, sijui kama waliipanga hivyo), iliondoa ule ulazima wa mke kupata ruhusa ya mume. Unaweza kufungua akaunti, kusaini mkataba wa bima, kuandikisha ardhi, kwa mkono wako. Kwa maneno mengine, kujificha hakukupi kila unachodhani, na kujitokeza hakukunyang'anyi kila unachoogopa.

Je, umwambie? Mimi ningetaka kujua kwanza yeye ni mtu wa namna gani, na barua yako imenipa kidokezo kimoja tu, ambacho ni kizuri: amekuja kukuuliza kabla ya kulipa. Baba yako hakufanya hivyo. Lakini pia anataka jibu mwezi ujao, na mwanaume mwenye haraka akisikia dola 3,400 anaweza kuziona kama matofali. Kuna akina mama walioniandikia kwamba walisema wakapumua, na kuna waliosema na kopo likaisha kabla ya Krismasi. Kuna njia ya katikati, yenye hatari yake: kumwambia kwamba una akiba ya uzee, kwamba imeshapewa kazi, na kwamba parseli mtaizungumza siku makaratasi yatakapobadilishwa jina, kiasi ukakitaja baadaye. Hatari ni kwamba nusu ya ukweli ikigunduliwa huonekana kama uongo mzima. Na ukikaa kimya kabisa, hatari ni nyingine: ukianguka ghafla kesho, nani anajua pa kutafuta? Mtu atakuja kununua cherehani hiyo na kuondoka na kopo.

Unaona pia kwamba hakuna anayekulazimisha kuchagua mlango mmoja. Dola 60 zinagawanyika. Wewe unakata kitambaa kila siku, unajua sehemu ndogo hukatwa mwisho, baada ya kupima zile kubwa. Vipimo vyako vikubwa viwili bado huna: miezi yako CNSS, na jina kwenye parseli. Vyote viwili vinapatikana bila kutoa hata faranga moja kwenye kopo, nauli tu.

Basi kabla ya kumjibu muuzaji, tafuta zile fishi, karatasi za mshahara za kantini. Ninajua ziko mahali, kwenye sanduku la nguo za ubatizo au ndani ya Biblia, hakuna mama wa Lubumbashi anayetupa karatasi yenye muhuri. Angalia kama zina namba yako ya kusajiliwa. Nenda nazo, omba wakuandikie idadi ya miezi iliyofika kwao, na usiondoke na jibu la mdomo. Mume wako naye anakatwa. Kama mtakwenda wote wawili, kila mmoja na fishi zake, huenda mazungumzo mengine yakaanzia kwenye benchi pale, mkisubiri kuitwa.

Kisha niandikie tena. Mimi nimehesabu miezi 84; nataka kujua wao wameandika ngapi.

Yaya Mshauri